Boti Ikikaa Upande Kwenye Trela, Usiite Vijana wa Kusukuma

Najua wengi mlitegemea wiki hii tuendelee na hesabu ya chakula cha sato pale tulipoishia. Itakuja. Leo naomba tuongee habari ya kupandisha boti kwenye trela, kwa sababu nilitoa ushauri mbaya mwaloni na umewagharimu vijana wa watu.

Kuna kikundi cha vijana watano ninaowahudumia, wana vizimba vinne vya sato. Boti yao ni ya faiba, mita tano na nusu, injini Yamaha ya farasi 15. Mwanzoni walikuwa wanafungua injini jioni na kuiacha boti imefungwa mwaloni. Usiku mmoja upepo ukaipiga kwenye mawe mpaka rangi ikachubuka upande mzima, na wiki iliyofuata mtu akakata kamba. Wakaamua boti ilale nyumbani. Wakachongesha trela kwa fundi wa kuchomelea, wakakodi pikapu ya jirani kwa mwezi, na kila jioni boti inavutwa kilomita mbili na ushee za barabara ya vumbi mpaka uani kwa mmoja wao.

Jioni moja nilikuwepo. Boti ikapanda, lakini ilikuwa imekaa upande. Pua iko katikati, nyuma imeenda kushoto karibu kiganja kizima. Giza linaingia, dereva anataka kwenda zake, vijana wamelowa mpaka kiunoni. Mmoja akaniuliza, "Bwana samaki, hii tuishushe tena?" Nikaangalia, nikasema, "Inatosha. Nyumbani si mbali. Funga mkanda twende."

Sasa hapo ndipo penye kosa, na siyo la jioni ile tu. Ukiwa afisa ugani, ukisema kitu mara moja mbele ya watu kinageuka kanuni. Kuanzia siku ile boti ikikaa upande, mtu akilalamika anajibiwa kwamba afisa alisema inatosha. Walienda hivyo wiki tatu.

Boti ikikaa sawa, mkuku unalala juu ya rola za katikati na tumbo linaegemea mbao mbili zilizovikwa zulia, kulia na kushoto. Ikihama kiganja kimoja, mkuku unatoka kwenye rola, na uzito wote wa nyuma, pamoja na injini ambayo peke yake ni karibu kilo 40, unakaa kwenye kona ya chuma kinachokatisha trela. Halafu unaongeza mashimo ya barabara, kila siku, kwenda na kurudi. Faiba ikapata ufa pembeni ya mkuku, chini ya sakafu, mahali ambapo hakuna anayechungulia.

Waliugundua wakiwa majini. Watu wawili, mifuko minane ya chakula ya kilo 20, nusu ya njia kwenda vizimbani, yule wa mbele akasikia soksi zimelowa. Walikuwa wamevaa maboya, hilo nawapongeza. Walimwaga mifuko minne ziwani ili boti iinuke, wakageuza, wakafika. Boti ikakaa kwa fundi siku tisa. Siku hizo tisa samaki wamelishwa mara moja kwa siku kwa mtumbwi wa kukodi badala ya mara tatu, na mtumbwi una bei yake. Samaki hawakufa. Ila ukiweka mifuko minne, fundi wa faiba, mtumbwi, na sato waliochelewa kukua, faida ya kizimba kimoja imeliwa kwa kiasi kikubwa na neno "inatosha".

Ndiyo maana leo nina msimamo na nausema wazi. Trela la boti lisilo na nguzo za kuongozea halijakamilika. Kabla hujanunua spika ya kuweka kwenye boti, kabla hujaandika jina la boti kwa rangi tatu, weka nguzo mbili nyuma ya trela. Na boti ikikaa upande, dawa yake ni kuirudisha majini, siyo kuita watu wa kusukuma.

Najua wazee wa mwaloni watanicheka. Wao wamepandisha mitumbwi miaka arobaini kwa mabega na kelele, na haijawahi kuwa shida. Ni kweli. Lakini waliyokuwa wanapandisha ni mbao. Mtumbwi wa mbao umezoea kuburutwa juu ya mchanga na magogo; ukikwaruzika, unapigwa kalafati, maisha yanaendelea. Tangu Januari 2024, Rais Samia alipokabidhi boti za kisasa na vizimba vya mkopo pale Mwanza, boti za faiba zimezidi kuonekana kwenye mialo yetu, na sisi tunaendelea kuzishika kama mitumbwi. Faiba inavumilia uzito mkubwa ukisambazwa kwenye eneo pana. Haivumilii ncha. Ukiweka uzito wote kwenye kona moja ya chuma na kuitikisa barabarani, itapasuka tu, hata kama ni mpya.

Kijana mwingine aliniambia, "Afisa, vijana sita wa mwaloni nawapa elfu mbili mbili, boti inanyooka, mambo ya mabomba ya nini?" Nikamwomba apige hesabu ya mwezi. Kimya. Pia kuna hili la mikono. Boti ikiwa nusu imepanda, nusu inaelea, ukiweka watu sita upande mmoja waisukume, ikiteleza kurudi inaweza kumbana mtu kati ya boti na chuma cha trela. Vidole vya mtu siyo nati, havinunuliwi dukani. Tena kila dakika unayosimama kwenye maji ya kando ya ziwa unacheza na kichocho, jambo ambalo tumelizoea mpaka tumesahau kwamba ni ugonjwa. Vaa mabuti, na maliza haraka.

Mtu anayelima kwa maksai atanielewa upesi. Nira ikikaa upande, jembe linatoka kwenye mstari. Kuna mkulima anayeajiri watu sita wasukume jembe lirudi? Anasimamisha ng'ombe, anarekebisha nira.

Sasa tuje kwenye nguzo zenyewe. Ni bomba mbili za chuma zilizopindwa kama herufi L, moja kila upande, zinafungwa kwenye fremu ya trela karibu na mwisho wa nyuma. Juu yake unavika bomba la plastiki la maji, la inchi mbili au zaidi kidogo, liwe linazunguka kwa urahisi ili boti ikiligusa isikwaruzike. Urefu uwe kama mita moja na nusu kutoka kwenye fremu, maana trela likizama unataka bado uzione. Paka nyekundu sehemu ya juu. Dereva anayerudi nyuma na trela tupu huwa halioni kabisa likishaingia majini, anakisia. Akiona vichwa viwili vyekundu kwenye vioo, anajua lilipo na limeelekea wapi.

Usizichomelee. Zifunge kwa boliti, ili uweze kuzisogeza. Hapa wengi wanakosea. Nguzo zinapimwa kutoka katikati ya trela, siyo kutoka pembeni, kwa sababu matrela mengi ya mafundi wetu hayako sawa kulia na kushoto, na kosa la fundi utalihamishia kwenye boti. Chukua futi kamba, tafuta katikati ya ekseli, tafuta katikati ya nguzo ya winchi mbele, vuta uzi kati ya alama hizo mbili. Huo uzi ndio bosi wako. Kama rola haziko chini ya uzi huo, rekebisha rola kwanza. Ndipo upime nguzo: upana wa boti sehemu itakapopita, ugawe kwa mbili, ongeza vidole vitatu kila upande. Ukiacha nafasi ya kiganja, boti itacheza na kukaa upande kama zamani, na utakuja kuniambia nguzo hazifanyi kazi. Ukibana sana, siku ya mawimbi zitapinda.

Na mbao za pembeni zifuate umbo la tumbo la boti. Wengi wanampelekea fundi urefu na upana tu. Kata kartoni ngumu, ilazimishe ifuate tumbo la boti mahali mbao zitakapokaa, mpelekee hiyo kartoni. Haigharimu kitu.

Kuna jambo la kina ambalo ndilo chanzo cha nusu ya matatizo. Tukiona boti haipandi vizuri, sote tunapiga kelele "rudi, rudi, ingia zaidi!" Dereva anaingiza trela mpaka mbao zote zimezama. Boti inaelea raha mustarehe juu ya trela, pua inavutwa mpaka mwisho, watu wanapiga makofi. Lakini nyuma bado inaelea, haijagusa mbao, upepo unaisogeza unavyotaka. Pikapu ikianza kutoka, boti inashuka ilipo, siyo inapotakiwa. Hicho ndicho kilichotupata jioni ile. Trela lilikuwa limezama mno na sote tukadhani shida ni nguvu. Kwa trela la mbao, acha theluthi moja ya mbele ya mbao iwe juu ya maji. Pua ikigusa sehemu kavu inashikwa, winchi inamalizia, na nyuma inakalia mbao kabla upepo haujapata nafasi. Ukiona nyuma inayumba, usirudi zaidi. Toka mbele nusu mita, jaribu tena. Ukiona winchi inalia na boti haisogei, hapo ndiyo ongeza kina kidogo. Ukishapata kipimo chako, weka alama ya rangi kwenye trela maji yanapofika, kisha kesho simama hapo hapo. Alama hiyo itafaa kwa mteremko ule tu. Ukihamia sehemu nyingine, pima upya.

Na mteremko wenyewe unabadilika. Maji ya Ziwa Victoria yalipanda sana 2020, yakapanda tena 2024, na sehemu nyingi tulizozoea kushushia boti zilihama. Mialo mingi haina sakafu ya zege, ni mchanga na mawe. Tairi moja ikizama kwenye mchanga laini na nyingine ikiwa juu ya jiwe, trela linalala upande, na boti inakaa sawa na trela lililopinda. Utakuja kulaumu nguzo bure. Kabla ya kurudisha pikapu, mtu mmoja avae mabuti atembee njia mbili za tairi akipapasa kwa miguu. Shimo lijazwe, jiwe litolewe. Na msipandishe boti kwa kukanyaga mafuta ili ijisukume yenyewe juu ya trela. Maji ya pangaboi yanachimba mchanga pale pale tairi zinaposimama, na shimo hilo mtalikuta kesho.

Upepo nao una ratiba yake. Siku nyingi asubuhi unatoka nchi kavu, mwepesi, ziwa limetulia. Mchana na jioni unageuka kutoka ziwani na mawimbi yanakuja yakisukuma nyuma ya boti. Sisi wote tunashusha asubuhi ziwa likiwa limelala, tunapandisha jioni likiwa limeamka. Kama unaweza kumaliza mlisho wa mwisho mapema ukapandisha kabla upepo haujachangamka, fanya hivyo. Kama huwezi, tumia kamba mbili, siyo moja. Moja mbele, moja nyuma upande ule upepo unakotokea. Mtu mmoja tu akiishika ile ya nyuma anaizuia boti isizunguke. Mmoja, siyo sita.

Kuhusu dereva. Kikundi chenu kina dereva huyu leo, kesho mwingine, kwa sababu pikapu ni ya kukodi. Wengi ni wazuri barabarani na hawajawahi kurudisha trela fupi. Mfundishe hili moja: ashike usukani chini, mahali kama saa sita ingekuwa chini. Mkono ukienda kushoto, trela linaenda kushoto. Polepole, kidogo kidogo. Na likianza kukunja, asihangaike kulinyoosha akirudi nyuma, atoke mbele mita kumi aanze upya.

Halafu kelele! Watu saba wanamwongoza mtu mmoja. "Kulia! Kulia!" "Kulia kwako au kwangu?" Mmeshaona wenyewe. Achaneni na kulia na kushoto kabisa. Pale kwetu tunasema "upande wa mwembe" na "upande wa mzani", maana kuna mwembe huku na banda la kupimia samaki kule. Awe mtu mmoja anayesema, wengine wafunge midomo. Inaonekana jambo dogo, lakini tangu tuanze sijasikia dereva akitukanwa.

Boti ikishapanda, funga ndoano ya winchi, weka mnyororo wa akiba juu yake, na usisimame kwenye mstari wa mkanda wakati unavutwa. Toa trela majini mita chache mpaka kwenye sehemu tambarare, simama. Hapa ndipo natamani kila mtu awe mkorofi. Rudi nyuma hatua kumi, chuchumaa, angalia. Mkuku uko juu ya rola? Nafasi kati ya boti na nguzo zinalingana? Kama hapana, rudi majini, hata kama giza linaingia, hata kama afisa wako yupo na amechoka. Robo saa. Kama ndiyo, fungua kizibo cha nyuma maji yatoke, maana ndoo moja ya lita 20 iliyobaki ndani ni kilo 20 zinazoruka kwenye kila shimo. Inua injini, funga nyuma kwa mkanda. Kizibo kiweke mfukoni mwa dereva au kwenye ufunguo wa injini, mahali ambapo hamuwezi kuanza safari ya asubuhi bila kukigusa. Wanaosahau kizibo ni wengi kuliko wanaokiri.

Beringi za tairi sitasema mengi, zinastahili siku yake. Ila zikiwa za moto kiasi kwamba huwezi kuweka kiganja, subiri kidogo kabla ya kuzizamisha, vinginevyo zinapoa ghafla na kuvuta maji ndani. Grisi ni bei ndogo.

Kuna lingine linanikera kidogo. Nasoma maandiko ya mikopo ya vikundi: vizimba vimeandikwa vizuri, vifaranga, chakula, boti, injini, maboya, mpaka fulana za kikundi. Trela halipo. Likiwepo ni mstari mmoja mwishoni, "trela", na bei ya kukisia. Kisha mkopo ukitoka, trela linatengenezwa kwa ekseli chakavu na vyuma vilivyobaki kwenye geti la mtu. Boti ya mamilioni inalala kila usiku juu ya kitu ambacho hakuna aliyekipima. Andikeni trela kama kifaa kamili, na mbao zake, zulia, rola, winchi, nguzo, na siku moja ya fundi kuja na futi kamba boti ikiwepo. Nikiletewa andiko lenye boti ya faiba ya kupandishwa na kushushwa kila siku, halina trela la maana, nitalirudisha. Msinichukie.

Wale vijana watano boti yao imerudi majini. Faiba wamelipa wenyewe, na kwenye chakula kilichomwagwa hakuna wa kuwafidia. Mabomba ya nguzo nimenunua mimi, nikapima nao Jumamosi asubuhi, tukagundua nguzo ya winchi ya yule fundi ilikuwa imehama sentimita nne kutoka katikati. Tangu siku ile boti inakaa juu ya rola jaribio la kwanza au la pili. Juzi nilipopita, nati ya nguzo ya upande wa mwembe ilikuwa imelegea. Nikamwachia dereva spana namba 17 na nikamwonyesha inapokaa.